Wasusi Waliomwandikia Rais

Saluni ya shangazi yangu pale Ngamiani, Tanga, ilikuwa chumba kimoja cha mbele ya nyumba, chenye kioo kilichopasuka kona, viti viwili vya plastiki na jiko la mkaa lililowekwa karibu na mlango ili moshi utoke nje. Juu ya jiko kililala kitana cha moto. Shangazi hakukipeleka kichwani kwa mtu kabla ya kukijaribu kwenye kipande cha kanga kuukuu kilicholoweshwa maji: kitambaa kikibadilika rangi, kitana kiliwekwa pembeni kipoe, kikitoa mvuke tu, kazi ilianza. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10, na kazi yangu ilikuwa kukunja sikio la mteja na kulishika lisiungue. Kwa hiyo nilisimama karibu na midomo ya watu wazima kuliko mtoto anavyopaswa kusimama, nikasikia habari za ada, za waume, za marejesho ya kikoba na za mwenye nyumba aliyepandisha kodi. Mwanamke aliyeinamisha kichwa mbele ya shangazi aliweza kusema lolote mle ndani, kwa sababu hapakuwa na bosi wa mtu yeyote aliyekuwa akisikiliza. Uzito wa jambo hilo niliuelewa nikiwa mkubwa.

Miaka mingi baadaye nilimsindikiza shangazi kwenye kongamano la wanawake wajasiriamali. Ukumbi ulipambwa vizuri, meza kuu ilijaa, na mada zilizotolewa zilikuwa na maana. Shangazi alinyoosha mkono mara tatu, kwani alikuwa na swali la mikopo alilolibeba tangu nyumbani, na mara zote tatu mwendesha mjadala alimruka akawapa nafasi waliokaa safu za mbele. Kikao kikafungwa kwa sala, tukagawiwa soda. Tulipokuwa kwenye daladala aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wametuita tuje tusikilize habari zetu wenyewe." Maneno hayo yalinikaa. Nikaanza kusoma historia ya wanawake Weusi waliojiitia mkutano wao wenyewe, na kusoma huko kukanifikisha Philadelphia, Marekani, tarehe 30 Agosti 1917, katika Kanisa la Kibaptisti la Union, ambako zaidi ya wanawake 200 wa kazi ya nywele walikusanyika kwa mkutano mkuu wa kwanza wa mawakala wa Madam C. J. Walker, mwanamke Mweusi aliyetengeneza na kuuza dawa za nywele.

Mkutano ule haukuota katika jangwa. Mwaka 1895, mwandishi mmoja wa magazeti wa Missouri aliandika barua ya kuwatukana wanawake Weusi wa Marekani wote kwa pamoja, akiwaita wezi na watu wasio na maadili. Josephine St. Pierre Ruffin wa Boston aliitisha mkutano wa kitaifa ili wanawake hao wajibu kwa kauli yao wenyewe, na mwezi Julai mwaka huo wajumbe wa vyama vya wanawake kutoka majimbo mbalimbali wakaitikia. Mwaka uliofuata vyama hivyo viliungana Washington kuunda shirikisho la kitaifa, rais wake wa kwanza akiwa Mary Church Terrell, na kaulimbiu yao ilikuwa ya kuinuana huku wakipanda. Viongozi wengi wa shirikisho walikuwa walimu, wake wa wachungaji na wake wa madaktari. Nawaheshimu sana. Lakini mwaka 1904, shirikisho hilo lilipofanya mkutano wake St. Louis, katika mji huohuo aliishi dobi mmoja aliyekuwa akifua nguo za watu kwa dola 1.50 kwa siku, na dobi huyo ndiye aliyekuja kuufungua mlango wa mikutano kwa wanawake wa aina yake.

Jina lake lilikuwa Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 katika shamba la pamba huko Delta, Louisiana, wa kwanza katika familia yake kuzaliwa akiwa huru. Wazazi wake na ndugu zake waliomtangulia walikuwa wamezaliwa utumwani. Akiwa na miaka 7 alikuwa yatima wa pande zote mbili. Aliolewa akiwa na miaka 14, akapata binti, Lelia, na kufikia miaka 20 alikuwa mjane. Alikwenda St. Louis waliko kaka zake vinyozi, na huko wanawake wa Kanisa la AME la Mtakatifu Paulo, kanisa la Wamethodisti Weusi, walimshika mkono. Kuna siku moja ambayo yeye mwenyewe aliisimulia baadaye kwa mwandishi wa gazeti, nami siisahau: alikuwa ameinama juu ya karai, akatazama mikono yake iliyozama katika povu la sabuni, akajiuliza ni nani atakayemtunza binti yake pindi mgongo utakapokakamaa kwa uzee. Hakupata jibu siku ile, wala kwa muda mrefu baada ya hapo.

Nywele zake zilikuwa zinanyonyoka, na hilo lilikuwa janga la wengi. Katika nyumba zisizo na maji ya bomba watu hawakuosha vichwa mara kwa mara, sabuni zilikuwa kali, na chakula kilikuwa duni. Mba na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa mambo ya kawaida. Alianza kwa kuuza dawa za mwanamke mwingine, Annie Turnbo, aliyekuja kujulikana kama Annie Malone, kisha mwaka 1905 akahamia Denver, na baada ya kuolewa na Charles Joseph Walker akaanza kuuza dawa yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Ilikuwa na salfa, nta ya nyuki, mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na manukato ya kufunika harufu ya salfa. Nasema bila kumwonea mtu kwamba Annie Malone hatendewi haki katika simulizi hizi: yeye alitangulia, alijenga jeshi lake la mawakala, na mwaka 1918 alifungua chuo kikubwa St. Louis chenye ukumbi wa mikutano. Walker alijifunza biashara kwake, kisha wakawa mahasimu.

Lililomtofautisha Walker, kwa macho yangu, ni kile alichokifanya baada ya kunyimwa nafasi ya kusema. Mwaka 1912 alihudhuria mkutano wa mwaka wa umoja wa wafanyabiashara Weusi uliofanyika Chicago chini ya uenyekiti wa Booker T. Washington, ambaye wakati huo hakuna Mmarekani Mweusi aliyesikilizwa kumzidi. Walker alikuwa tayari na kiwanda Indianapolis, na mwaka uliotangulia alikuwa ameahidi kuchangia dola 1,000 kwa ujenzi wa jengo la Weusi la YMCA, chama cha vijana Wakristo, mjini humo. Hata hivyo alikaa siku nzima, kisha siku nyingine, akiwasikiliza wanaume wakieleza mafanikio yao. Mchapishaji wa gazeti kutoka Indianapolis, George Knox, alisimama kumwombea nafasi, mwenyekiti akampita. Siku ya mwisho Walker aliinuka bila kuitwa na kusema kwamba bila shaka hawatamfungia mlango usoni. Kisha akaendelea:

"Mimi ni mwanamke niliyetoka katika mashamba ya pamba ya Kusini. Kutoka huko nilipandishwa cheo hadi kwenye karai la kufulia. Kutoka hapo nilipandishwa hadi jikoni. Na kutoka hapo nikajipandisha mwenyewe hadi kwenye biashara ya kutengeneza dawa za nywele." Akamalizia kwa kusema kwamba amejenga kiwanda chake mwenyewe juu ya ardhi yake mwenyewe.

Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilikumbuka mkono wa shangazi ulivyoinuliwa mara tatu. Mwaka uliofuata, 1913, umoja ule ulikutana Philadelphia na safari hii Walker alialikwa kuzungumza rasmi. Wengi wangeridhika hapo. Yeye aliona kwamba kiti alichopewa katika mkutano wa wengine kinaweza kuondolewa wakati wowote, na kwamba nyuma yake kuna maelfu ya wanawake ambao hawatapewa kiti kabisa.

Mawakala wake walikuwa akina nani? Wengi walikuwa wafuaji nguo, wapishi na watumishi wa ndani, kwa kuwa hizo ndizo kazi zilizokuwa wazi kwa mwanamke Mweusi wa wakati ule, ukiacha shamba na, kwa wachache waliosoma, ualimu. Walifundishwa kuosha kichwa, kutibu ngozi, kupaka dawa na kutumia kitana cha moto, kisha walitoka na mikoba yao kwenda nyumba hadi nyumba, au walifungua chumba cha mbele kama cha shangazi. Wakala mmoja alimwandikia Walker kumshukuru kwa kuwafungulia wanawake Weusi kazi halali ambayo kwa wiki moja huwapatia kiasi ambacho kazi nyingine ingewalipa kwa mwezi. Kufikia mwisho wa maisha ya mwanzilishi wake, kampuni ilijitangaza kuwa na mawakala wapatao 20,000 katika Marekani, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati.

Kuanzia mwaka 1916 alianza kuwapanga mawakala hao katika vyama vya miji na majimbo, akiiga mfumo wa shirikisho la wanawake. Vyama vilikusanya michango, vilisaidiana katika msiba, na vilichagua wajumbe wa kwenda kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka. Msomaji aliyewahi kuwa katika kikoba ataelewa mara moja jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi: pesa ndogo ya kila mmoja, daftari la pamoja, na aibu ya kumwangusha mwenzako.

Kwa hiyo Philadelphia. Lile kanisa, ambalo pia ndilo lililomlea mwimbaji Marian Anderson tangu utotoni, lilijaa wanawake ambao wengi wao wangeingia katika jumba lolote kubwa la mji ule kwa mlango wa nyuma tu, wakiwa na ndoo au sinia. Hapo walikuwa wajumbe. Walieleza jinsi walivyoanza, walichouza, nyumba walizonunua, watoto waliowasomesha. Walker alitoa zawadi kwa waliouza zaidi na walioleta mawakala wapya wengi zaidi, jambo ambalo kampuni yoyote ingelifanya. Lakini alitoa zawadi pia kwa vyama vilivyochangia zaidi kazi za hisani katika miji yao, naye aliwaambia mawakala wake kwamba wajibu wao wa kwanza ni kwa utu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Anayetunukiwa mbele ya umati ndiye wengine wanayejifunza kumwiga, na Walker aliamua kwamba mjumbe arudi kwao akijua kuwa kulipia ada ya yatima kunahesabika sawa na kuuza makopo 100 ya dawa.

Hotuba yake ilihusu wajibu wa wanawake kwa wanawake wenzao. Ili kuelewa ilikoishia inabidi kurudi nyuma wiki nane. Tarehe 2 Julai 1917, katika mji wa East St. Louis, ng'ambo ya mto Mississippi kutoka mji alikofulia nguo kwa miaka mingi, makundi ya wazungu yaliwashambulia watu Weusi, yakachoma nyumba zao na kuwaua barabarani. Hesabu rasmi ilitaja Weusi 39 waliouawa, na wengi waliokuwepo waliamini idadi ilikuwa kubwa zaidi. Maelfu walibaki bila makazi. Tarehe 28 Julai, watu Weusi wapatao 10,000 waliandamana kimya katika barabara ya Fifth Avenue, New York, bila sauti nyingine isipokuwa ngoma. Siku chache baadaye Walker alikwenda Washington pamoja na viongozi wa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, kumwona Rais Woodrow Wilson. Walipofika Ikulu waliambiwa na katibu kwamba Rais ana shughuli nyingi. Kwa mara nyingine akawa amesimama mbele ya mwenyekiti asiyempa nafasi.

Ndipo mwisho wa Agosti, mbele ya wajumbe wake, alisema kwamba wanaipenda nchi yao, lakini mapenzi hayo yasiwafanye wapunguze hata chembe ya malalamiko yao dhidi ya dhuluma, na kwamba walalamike hadi hisia ya haki ya Wamarekani iamke kiasi cha kufanya mambo kama yale ya East St. Louis yasiwezekane tena. Marekani ilikuwa imeingia vitani karibu miezi mitano kabla, na wakati ule kulalamika hadharani kuliweza kuhesabiwa kuwa usaliti. Wasusi wale hawakurudi nyuma. Walituma telegramu kwa Rais kwa jina la mkutano, wakisema kwamba wanazungumza pia kwa niaba ya Weusi milioni 12, wakataja mauaji ya mtu aliyechomwa moto na umati huko Memphis mwaka huohuo na machafuko ya East St. Louis, wakamtaka atumie ushawishi wake ili Bunge litunge sheria za kuzuia aibu hiyo isirudiwe.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Hawa walikuwa wauza mafuta ya nywele. Mkutano wa wauzaji wa kampuni, ambao kazi yake inayotarajiwa ni kupanga bei na kupongezana, ulimaliza shughuli zake kwa kumdai Rais wa nchi sheria dhidi ya mauaji ya umati. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu inayoshikika kwa mkono: mwajiri mzungu hakuwepo katika mnyororo wa mkate wao. Dawa ilitengenezwa na mwanamke Mweusi, ikauzwa na mwanamke Mweusi, ikanunuliwa na mwanamke Mweusi. Mpishi aliyetia sahihi barua kama ile angeweza kuachishwa kazi kesho yake asubuhi.

Ushahidi wa jambo hili ulijitokeza tena miaka 40 baadaye. Mwaka 1956 huko South Carolina, mwalimu Septima Clark alifukuzwa kazi baada ya miongo ya kufundisha, kwa kuwa jimbo lilipiga marufuku watumishi wake kuwa wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, naye akakataa kuuficha uanachama wake. Yeye na wenzake walipotafuta mtu wa kuwafundisha watu wazima wa Johns Island, kisiwa cha jimbo hilohilo, kusoma ili waweze kujiandikisha kupiga kura, walimchagua ndugu yake, Bernice Robinson. Hakuwa mwalimu. Alikuwa msusi na mshonaji, na hapakuwa na ofisi ambayo ingemwandikia barua ya kumfukuza. Darasa lake la kwanza lilianza Januari 1957, na kutoka hapo mfano wake ulienea Kusini nzima.

Wapo watakaoniuliza juu ya nywele zenyewe. Je, biashara iliyojengwa juu ya kitana cha moto haikuwafundisha wanawake Weusi kuzionea aibu nywele walizozaliwa nazo? Swali hilo liliulizwa hata wakati wa uhai wake, na baadhi ya wachungaji walihubiri dhidi yake. Walker alijibu kwamba watu wanakosea kudhani kuwa yeye hunyoosha nywele. Kazi yake ni kuzikuza. Jibu hilo halinitoshelezi kabisa, kwani kitana kilikuwemo katika mafunzo yake na wateja walijua walichokifuata. Mimi mwenyewe niliacha dawa ya nywele nilipofika miaka 26, na sijutii. Lakini nimeshika masikio mengi mno katika saluni ya shangazi kuamini kwamba mwanamke anayekaa kwenye kile kiti anachukia kichwa chake. Wengi walikuja kwa sababu Ijumaa kuna harusi, na kwa sababu kwa saa mbili mtu angewagusa kwa upole.

Mwezi Julai 1918, shirikisho la wanawake lilikutana Denver, mji ambako Walker alikuwa ameanzia biashara yake, kusherehekea kukomboa nyumba ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpiganaji dhidi ya utumwa, iliyokuwa imewekwa rehani. Karatasi ya deni ilichomwa mbele ya mkutano, na Walker, aliyechangia zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, ndiye aliyepewa heshima ya kushika mshumaa. Mwaka uliofuata, muda mfupi kabla ya kufa, aliahidi dola 5,000 kwa mfuko wa NAACP wa kupambana na mauaji ya umati. Alifariki tarehe 25 Mei 1919 katika nyumba yake ya Irvington, kando ya mto Hudson, iliyochorwa na msanifu Mweusi, Vertner Tandy. Alikuwa na umri wa miaka 51. Binti yake alishika uongozi wa kampuni, na mikutano ikaendelea bila yeye. Ipo picha ya mwaka 1924 inayoonyesha mawakala wakiwa wamekusanyika mbele ya nyumba ile kwa mkutano wao wa mwaka, safu baada ya safu.

Nilimwonyesha shangazi picha hiyo kwenye simu nilipokwenda Tanga mara ya mwisho. Saluni yake sasa ina umeme na viti vya kuzunguka, na jiko la mkaa limehamia uani. Alifuta mikono, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaziangalia sura moja moja. Kisha akauliza kama Rais aliijibu ile telegramu yao niliyomsimulia.

Nilimweleza kwamba karibu mwaka mmoja baadaye, Julai 1918, Wilson alitoa tamko la kulaani mauaji ya umati, lakini sheria haikuja. Mwaka 1922 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada, Seneti ikauzuia. Miswada mingine ikaletwa na kufa, kizazi baada ya kizazi. Sheria ya kitaifa dhidi ya uovu ule ilitiwa sahihi tarehe 29 Machi 2022.

Shangazi alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Miaka mia na mitano," alisema. Alinirudishia simu, akachukua kitana, akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri na kumwomba radhi kwa kumkalisha.